Jinsi ya kumpiga picha bundi mdogo wa Sokoke akiwa amejificha mchana

Mara ya kwanza kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke na lenzi kubwa, nilirudi Watamu na picha mia mbili na kitu. Nilipozifungua kwenye kompyuta, majani yalikuwa makali ajabu, kila mshipa unahesabika. Nyuma yake palikuwa na ukungu wa kahawia. Ukungu ule ndio bundi.

Ndege huyu, Otus ireneae, aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1966. Kimo chake ni sentimita 16 hadi 18, hafiki hata penseli ambayo haijachongwa. Anapatikana hapa pwani ya Kenya na, ng'ambo ya mpaka, kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wote wanafanana na kitu kilichokauka zamani. Mengi nitakayoeleza yanafaa pia kwa kirukanjia anayelala juu ya majani makavu (ndege, jamani, si yule wa mtaani).

Hatua ya 1: Ingia na mwenyeji, kamera ikae begani

Bundi huyu hupenda vichaka vya mfunda kwenye udongo mwekundu, si kule kwenye miti ya mirihi na mchanga mweupe ambako mtu hutembea kwa raha. Ndani ya mfunda ni fito juu ya fito. Waelekezi wa msitu, wale unaowapata upande wa Gede, hujua ni matawi gani yanalaliwa siku hizo. Mzee aliyenipeleka alisimama, akanyoosha kijiti.

"Umemuona?"

"La, mzee."

"Mwanangu, yuakuangalia."

Nilichukua dakika nne nzima. Kosa langu ni kwamba nilikuwa natafuta ndege. Tafuta kifundo: fito zote zinapanda juu, halafu mahali fulani, kimo cha kichwa au juu kidogo, kuna kitu kimekaa kwenye ufito na hakina sababu ya kuwa pale. Mara nyingi ni vifundo viwili, maana dume na jike hulala bega kwa bega. Tumia darubini kwanza. Ukiinua kamera kabla jicho halijamshika, utazungusha lenzi kichakani hadi shingo ikuume.

Hatua ya 2: Yeye ndiye anayepanga umbali

Bundi aliyetulia ni mviringo, manyoya yamefura, macho yamefumba nusu. Akikushuku hujinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, vishungi vya kichwani vikasimama, macho yakabaki nyufa mbili. Wapo wanaolifurahia umbo hilo wakadhani amewapa pozi. Anakwambia umezidi. Rudi nyuma hatua mbili, polepole, usimame mpaka afure tena. Akiruka mchana, shore na ndege wengine wadogo wakimuona watamzonga kwa makelele, na pale mahali pake pa kulala amepapoteza kwa sababu yako. Kwa lenzi ya milimita 400, mita 5 hadi 7 zinatosha kabisa.

Flashi iache kwenye gari. Kumwita kwa sauti iliyorekodiwa simuni pia sikubaliani nako, hata mwelekezi akikubali.

Hatua ya 3: Tafuta tundu, usikate tawi

Tawi unalolivunja ndilo ukuta wa nyumba yake. Badala yake sogea wewe: sentimita 10 kushoto, piga goti, lala kifudifudi ukibidi (tazama siafu kwanza). Fumba jicho moja unapotafuta, kwa kuwa lenzi nayo ina jicho moja. Tundu lililo wazi kwa macho mawili mara nyingi ni jani mbele ya kamera.

Jani lililo karibu na kioo cha lenzi si adui sana, linayeyuka likawa kivuli laini cha kijani. Linaloharibu picha ni lile lililo karibu na ndege, sentimita 20 mbele ya uso wake, kwa sababu halifichiki wala halionekani vizuri. Ukilazimika kuchagua, likubali la kwanza, likimbie la pili.

Hatua ya 4: Fokasi kwa mkono

Hapa ndipo zile picha zangu mia mbili zilipopotea. Fokasi ya kutambua jicho la mnyama ni nzuri kwa heroe ziwani, lakini humu hulishika jani lenye doa la jua na kushangilia. Bundi aliyefumba macho hata hana jicho la kutambuliwa. Weka kamera kwenye tripodi, kuza picha kwenye skrini mara kumi, kisha zungusha pete ya fokasi taratibu hadi uone vinyweleo vilivyozunguka mdomo. Vinyweleo hivyo vikiwa vikali, macho nayo yatakuwa makali au karibu.

Kwa umbali wa mita 5, milimita 400 na f/5.6 (kipimo cha mlango wa lenzi: namba ikikua, mlango unapungua), sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita 5 tu. Bundi mmoja anatosha humo. Wakiwa wawili, simama uwakabili sawasawa ili nyuso zao ziwe umbali mmoja, ufunge lenzi hadi f/8. Ukisimama pembeni, mmoja lazima apotee.

Hatua ya 5: Mwanga

Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Jua la saa sita likipenya huacha madoa meupe yanayomkata ndege vipande vipande. Mimi huanza na ISO 1600 (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), shata 1/60 ya sekunde, kipima muda cha sekunde mbili, na shata ya kimya kama kamera inayo. Bundi hatembei, ila ufito hutikisika: wakati wa kusi subiri upepo utulie, ndipo ubonyeze. Kama nyuma yake kuna matundu ya anga, kamera itamfanya mweusi. Pima mwanga kifuani mwake, au ongeza nusu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kwani mwanga uliochujwa na majani humpaka ukijani utakaohitaji kuuondoa baadaye.

Halafu rudi kwenye milimita 100 upige picha pana, kichaka kizima naye ndani. Watu wengi huondoka bila hiyo. Kwangu ndiyo picha hasa, inayomfanya mtazamaji naye ahangaike dakika nne.

Kuhusu unyevu: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa mvuke. Usibadilishe lenzi palipo na vumbi jekundu.

Hatua ya 6: Kabla ya kurusha mtandaoni

Kuza jicho kwenye skrini ungali pale pale, kisha ondoka kwa njia uliyoingilia. Nyumbani, futa taarifa za mahali kwenye faili, watu wasije wakamfuata alipolala. Simu huziandika zenyewe, hivyo hata ile picha ya kujionyesha umesimama na mzee chini ya mfunda ikague pia.