Somo: Kidole cha pete kinapoanza kujikunja

Mzee mmoja wa Ujiji, aliyevua dagaa kwa karabai tangu ujana wake, alinieleza kwamba kila anapotawadha kidole chake cha mwisho kinamchoma jichoni. Hakuwa na maumivu, na kwa sababu hiyo alikaa na hali hiyo miaka minne bila kumwonyesha mtu. Alipoufungua mkono niliona mstari mgumu kama uzi wa kamba chini ya ngozi, unaotoka katikati ya kiganja hadi kwenye kidole, ukikivuta kidole ndani.

Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Dupuytren, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa aliyeieleza mjini Paris mwaka 1831. Kinachougua si mfupa wala kano inayokunja kidole, bali ni utando mgumu uliotandazwa chini ya ngozi ya kiganja, ambao huvimba, hunenepa na kusinyaa polepole kwa miaka. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, hufuata ukoo, na huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu ni nadra, na unadra huo ndio unaonifanya niandike, kwa kuwa huku Kigoma mtu mwenye kidole cha pete na cha mwisho vilivyokunjika anaweza kuwa na ugonjwa mwingine usiopaswa kusubiri hata mwezi mmoja.

Hatua ya kwanza: kagua kiganja mchana, penye mwanga wa kutosha. Tafuta kinundu kigumu au ngozi iliyobonyea kama kishimo, hasa chini ya kidole cha pete. Wavuvi na wakamuaji wa mawese wana sugu, hivyo msichanganye mambo: sugu iko juu ya ngozi na huweza kukwanguliwa, ilhali kinundu hiki kiko chini na ngozi imekishikilia.

Hatua ya pili: laza kiganja juu ya meza iliyonyooka. Kiganja na vidole vyote vikigusa ubao, bado ni mapema. Ikibaki nafasi ambayo kalamu inapita chini ya kidole, kidole kimeanza kukunjamana, na mtu anahitaji kuonwa na daktari.

Hatua ya tatu, ambayo naomba asiiruke mtu yeyote: pima ganzi. Mgonjwa afumbe macho, nawe mguse taratibu kwa ncha ya kalamu ya wino kwenye ncha za vidole na ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho, kisha aonyeshe alipoguswa. Mwenye Dupuytren huhisi vizuri. Asiyehisi anaweza kuwa na ukoma, ambao huharibu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko na kuvikunja vidole vilevile viwili. Tofauti nyingine ni kwamba mwanzoni vidole vya mwenye ukoma unaweza kuvinyoosha kwa mkono wako, lakini vya Dupuytren vinazuiwa na ule mstari mgumu. Angalieni pia mabaka yaliyopauka yasiyohisi.

Hatua ya nne: ukishajiridhisha kuwa hakuna ganzi, fuatilia. Kila baada ya miezi mitatu pima kwa rula umbali kati ya meza na ncha ya kidole, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Kidole kisipokuzuia kazi, kuangalia tu kunatosha. Kukivuta kwa nguvu hakunyooshi utando huo. Mawese ya kuchua hulainisha ngozi na hayafiki kwenye utando. Na kumchanja mtu kiganja kwa wembe ni hatari, maana mishipa ya damu na ya fahamu hupita kandokando ya mstari huo.

Hatua ya tano: kifundo cha shina la kidole kikijikunja kufikia nyuzi 30, au kifundo cha kati kikianza tu kujikunja, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonwa na daktari wa upasuaji. Kifundo cha kati kikikawia hukakamaa chenyewe, na hata baada ya upasuaji hakinyooki vizuri.

Maswali ya wanakikundi

Mwanachama wa Kibirizi: Je, kuvuta nyavu ndiko kumeniletea? Niache ziwa?

Jibu: Kaka, usiache kazi kwa ajili hiyo. Umri na ukoo vina uzito zaidi, na kisukari, sigara na pombe huongeza uwezekano.

Mama wa Kasulu: Mume wangu ana kisukari, vidole vyote vimekuwa vigumu, hawezi kukutanisha viganja kama anayesali.

Jibu: Mama, hiyo ni dalili ya kisukari kukakamaza vifundo na ngozi ya mikono. Apimwe sukari upya na aanzishiwe mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia.

Mwanachama wa Uvinza: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa miaka 17 vidole viwili vimejikunja, na juzi aliungua kwa sufuria bila kujua. Tumtengee vyombo?

Jibu: Marahaba. Msimtengee chochote, ila mpelekeni kituo cha afya kesho asubuhi. Ikithibitika ni ukoma, dawa mseto hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na muda mfupi baada ya kuzianza hawezi tena kuambukiza. Harakeni kwa sababu mshipa wa fahamu ulioharibika kwa chini ya miezi sita bado unaweza kuokolewa kwa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya uangalizi wa daktari. Wakati huo ashike sufuria kwa kitambaa kinene, na kila jioni mtu mwingine amkague mikono.

Mwanachama wa Kakonko: Nasikia kuna sindano ya kuyeyusha mstari huo.

Jibu: Ipo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010, lakini iliondolewa kwenye soko la Ulaya mwaka 2020. Njia nyingine ni kuukata mstari kwa ncha ya sindano, au kuuondoa utando kwa upasuaji. Zote hunyoosha kidole bila kuumaliza ugonjwa, hivyo mwulize daktari wako mapema atafanya nini kidole kikijikunja tena.