Namna ya kutafuta pesa za uzamili na uzamivu

Wanafunzi wanaokuja kuniomba barua ya mapendekezo karibu wote huanza na swali moja: "Mwalimu, skolashipu gani iko wazi sasa hivi?" Silijibu mpaka tumekaa na karatasi. Upande mmoja unaandika kila kitakachokugharimu kwa mwaka: ada, chumba, chakula, bima ya afya, viza, nauli, mtihani wa lugha, hata ada ya kutuma maombi yenyewe. Upande wa pili unaandika ulichonacho na unachoweza kuchangiwa kwa uhakika, maana ahadi za mdomo hatuzihesabu. Tofauti yake ndiyo pengo lako. Kuna wanaogundua kuwa pengo ni ada peke yake, kwa hiyo msamaha wa ada unawatosha. Wengine wanaona ada si tatizo, tatizo ni kula na kulala. Hawa wawili hawapaswi kuomba mahali pamoja.

Jambo la pili ni ngazi. Pesa nyingi ziko kwenye uzamivu kuliko uzamili, na sababu yake haina siri: mwanafunzi wa uzamivu anafanya utafiti ambao chuo kinauhitaji, tena anafundisha. Uzamili katika vyuo vingi ni njia ya chuo kujipatia mapato, ndiyo maana misaada yake ni michache na inagombewa. Ukijua unaelekea kwenye utafiti, uliza kama unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Marekani jambo hilo ni la kawaida katika fani nyingi.

Na kwenye uzamivu, acha kutafuta kwa neno "skolashipu" tu. Uswidi, Norwei, Denmark na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama kazi. Unaajiriwa kwa mkataba, unalipwa mshahara, unakatwa kodi, na ada hulipi. Norwei mkataba huwa wa miaka 3, au 4 ikiwa robo ya muda wako itatumika kufundisha na kazi nyingine za idara. Matangazo hayo yako kwenye kurasa za ajira za vyuo, na nimeona vijana hodari wakiyapita kila siku kwa kuwa wanasubiri fomu yenye neno ufadhili. Usichanganye hayo na uzamili wa nchi hizohizo: Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017 na Norwei 2023.

Marekani mpango ni mwingine. Idara inakupokea, inakusamehe ada, kisha inakulipa posho kama msaidizi wa ufundishaji au msaidizi wa utafiti, kwa kawaida kwa kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki. Msaidizi wa ufundishaji analipwa na idara. Anasahihisha mitihani na kuongoza vikundi vya majadiliano. Msaidizi wa utafiti analipwa kutoka kwenye mradi wa profesa fulani, na mradi ukiisha pesa nayo inakwisha. Mimi ningechagua barua inayotaja miaka mitano ya uhakika kuliko posho nono ya mwaka mmoja "inayoweza kuongezwa".

Kwa kuwa pesa hizi zinapita mikononi mwa maprofesa, inabidi uwaandikie. Barua pepe fupi, isiyozidi mistari kumi na miwili. Soma kwanza makala zake mbili za karibuni, na usiishie kwenye muhtasari. Sema umefanya nini kinachogusana na kazi yake: data gani, mbinu gani, swali gani limebaki bila jibu. Kisha uliza waziwazi: mwaka ujao unapokea mwanafunzi mpya, na nafasi hiyo ina fedha? Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo ya mitihani. Usimsifu. Usimweleze shida za nyumbani. Asipojibu baada ya wiki mbili mkumbushe mara moja, halafu nenda kwa mwingine. Barua ileile iliyotumwa kwa watu hamsini inajulikana tangu mstari wa kwanza. Nami napokea za namna hiyo.

Kwa uzamili, skolashipu za serikali na mashirika ndizo zinazobeba wengi, lakini soma masharti kabla ya kusoma faida. Chevening ya Uingereza inagharamia uzamili wa mwaka mmoja. Inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nchini kwako kwa miaka isiyopungua 2. Fulbright, iliyoanzishwa na Marekani mwaka 1946, nayo kwa wanafunzi wa kigeni ina sharti la miaka 2 ya kurudi kwenu kabla ya kuomba ukaazi huko. Kozi zinazolenga maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinataka angalau miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Skolashipu ya serikali ya Japani ina milango miwili, ubalozi na chuo chenyewe, na kila mlango una kalenda yake. Ukikosa sharti moja, ufaulu wako wa juu hautasomwa na mtu yeyote.

Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa uzamili unaotolewa na vyuo vya nchi kadhaa kwa pamoja, nataka niitazame peke yake, maana watu huishangilia bila kupiga hesabu. Inatoa euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na ada hulipi. Maombi yanakwenda kwa kozi yenyewe, hayapelekwi Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Ni ufadhili mzuri kweli. Lakini unasoma katika nchi mbili au zaidi, na nauli, viza na gharama za kuhama zinatoka humohumo kwenye 1,400. Mwenye mtoto au mwenza wa kwenda naye apige hesabu mara mbili.

Ujerumani inawavuta wengi kwa kuwa vyuo vya umma havitozi ada, isipokuwa maeneo machache: Baden-Württemberg inawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kutokuwepo ada hakumaanishi huhitaji pesa. Kwa viza utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, na tangu Septemba 2024 kiwango cha akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki unayoweka pesa zote mapema na kuruhusiwa kutoa kiasi maalumu kila mwezi, kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Hapo ndipo ile karatasi ya pengo inapokuokoa.

Kuhusu barua za mapendekezo, nisikilize kama mtu anayeziandika. Niombe mwezi mzima kabla. Niletee tangazo lenyewe, wasifu wako, rasimu ya maelezo binafsi, na nusu ukurasa unaonikumbusha ulifanya nini nami: mada ya tasnifu, alama, siku ulipopinga hoja yangu ukawa sahihi. Nikiwa na hayo naandika barua yenye mwili. Nisipokuwa nayo nitaandika kwamba una bidii na nidhamu, na barua ya namna hiyo ni sawa na kutokuwa nayo.

Kuna pesa ndogondogo pia: msamaha wa ada ya maombi, ambao vyuo vingi hutoa ukiomba, punguzo la ada, mwajiri anayelipia mfanyakazi wake, vyama vya kitaaluma vinavyogharamia safari za utafiti. Ziombe zote. Anayekudai "ada ya usajili" ili akupe skolashipu, achana naye.

Mkopo uje mwisho, na si mikopo yote inayofanana. Mkopo wa uzamili wa serikali kwa wakazi wa England unalipwa kwa asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka. Usipofikia hapo, hulipi. Marekani, Grad PLUS, mpango wa mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Kwa programu nyingi za uzamili na uzamivu mkopo wa serikali kuu unaishia dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Wanafunzi wa kigeni kwa kawaida hawaupati. Wao hubakiwa na mikopo binafsi, na hapo piga hesabu mwenyewe: dola 20,000 kwa riba ya asilimia 12, ukilipa kwa miaka 10, ni karibu dola 287 kila mwezi, jumla zaidi ya 34,000. Kama mshahara wako utakuwa kwa sarafu nyingine, sarafu hiyo ikishuka deni linapanda bila wewe kukopa tena.

Barua ya udahili ikifika na maneno "ufadhili kamili", rudi kwa chuo na maswali kwa maandishi. Posho ni ya miezi 9 au 12? Bima ya afya nalipa mimi? Kuna ada ndogo za muhula zisizosamehewa? Miaka mingapi imeahidiwa, na kwa sharti la alama zipi? Ukiwa na barua mbili, waambie waliotoa kidogo. Wakati mwingine huongeza. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi kujibu kuhusu ufadhili kabla ya 15 Aprili, kwa hiyo ukisukumwa ujibu Februari, itaje tarehe hiyo kwa adabu. Na uliza posho ya kwanza inaingia lini. Mara nyingi hulipwa mwisho wa mwezi, wakati mwenye nyumba anataka kodi na dhamana siku unayopewa funguo; idara nyingine hutoa malipo ya awali, ila kwa aliyeuliza kabla hajasafiri.