Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za siku ya Bayi

Matokeo yasikusumbue. Jumamosi ya tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola: Mtanzania Filbert Bayi alichomoka bastola ilipolia, akaongoza mwanzo mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia, iliyokuwa ya Mmarekani Jim Ryun tangu 1967. John Walker, mwenyeji, naye aliivunja ile ya Ryun na bado akawa wa pili. Hayo utayapata popote. Usiyoyapata ni siku ile ilivyopokewa Tukuyu, Mbalizi au Makambako, na wenye nayo ni wazee.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wazee huniletea suruali za kupunguza kiuno, wanakaa kwenye benchi kusubiri, na hapo ndipo ninapowarekodi kwa simu. Kwanza, simamisha cherehani. Wewe umeizoea, lakini kwenye simu inameza maneno yote. Pili, usiwahi kufika kwenye Bayi. Shikamoo, habari za nyumbani, mvua, mahindi. Mzee akishauliza wewe ni mtoto wa nani, mmefika pazuri.

Swali la "ulijisikiaje?" liache. Utajibiwa "tulifurahi sana", na stori imekufa. Uliza redio ilikuwa ya nani. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ananijibu kwa mkato mpaka nilipouliza hilo. Akainuka kwenye benchi kunionyesha: redio ya mwalimu, imewekwa dirishani ikitazama uani, betri zilianikwa juani jana yake zipate nguvu kidogo, na kila mtoto aliyekohoa alikula kofi. Nani alisikia vizuri? Waliokaa karibu na dirisha. Waliobaki walipokezana habari kwa kunong'onezana, na kufika nyuma Bayi alikuwa ameshashinda mara mbili.

Hapo sasa anza kuhakiki, kwa adabu. Wakati ule New Zealand ilitutangulia kwa saa 9. Kule ikiwa saa 10 alasiri, Mbeya ni saa 1 asubuhi. Anayekumbuka taa ya chemli na giza huenda alisikia marudio kwenye taarifa ya habari, au alisimuliwa. Usimkatalie, andika hivyo hivyo: "alisikia usiku". Ila anayesema aliona kwenye televisheni nyumbani kwake Mbeya siku hiyo hiyo, huyo amechanganya na picha za miaka ya baadaye. Tanzania Bara ilianza kuwa na matangazo ya televisheni mwaka 1994. Mwaka ukimpotea, mrudishe kwenye reli: TAZARA ilikuwa bado inajengwa, na huku kwetu kila mtu ana ndugu aliyebeba zege au mataruma.

Akina mama watakuambia "sisi mambo ya michezo hatujui". Usiondoke. Waulize nani alipika siku hiyo, nani hakwenda shamba, nani alichelewa kuteka maji. Mimi naona hizo ndizo kumbukumbu zenye nyama kuliko za wanaume, ambao wengi wanakusimulia mbio kana kwamba walikuwa uwanjani.

Athari zake zitafute kwenye vitu vidogo. Nani mtaani aliitwa Bayi, na bado anaitwa? Shuleni watoto walianza kukimbia vipi? Naambiwa walimu walichoka na watoto waliotaka kuongoza tangu mstari wa kwanza, wakaishiwa pumzi mzunguko wa pili. Bayi alikuwa na mapafu yake, wao walikuwa na uji wa asubuhi.

Ukimaliza, msomee mzee ulichoandika na umwombe ruhusa ya kutaja jina lake. Picha akikuazima, ipige kwa simu pale pale, mchana, mbali na kioo, kisha umrudishie. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli. Wino wa peni hupenya ukatokea usoni mwa mtu.