Kuitayarisha nyumba ya mawe ya Lamu kabla ya wadudu wa masika

Mji wa Lamu umezungukwa na maji ya chumvi, lakini wadudu wanaowasumbua watu wake hufuata maji baridi: ya birika (tangi la kuhifadhia maji lililojengwa ndani ya nyumba), ya bomba linalovuja, ya ukuta uliolowa. Kwa hivyo kazi ya kuwazuia haifai kungoja mwezi wa Mei, mbu wakishajaa chumbani. Wakati wake ni Februari na Machi, upepo wa kaskazi ukielekea kwisha, kuta zikiwa kavu na kila ufa ukionekana. Nalisisitiza hili kwa sababu kila mwaka huwaona majirani wakinunua dawa za kupuliza mvua ikiwa imekwisha kushika, na baada ya wiki mbili mbu huwa wale wale.

Anza na birika. Wazee waliojenga nyumba zetu walifuga samaki wadogo ndani ya birika la chooni, na chini kabisa wakajengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Samaki hao walikula viluwiluwi wa mbu. Ikiwa birika lako ni la kuogea na kufulia tu, warudishe samaki, kwani sijaona njia rahisi kuliko hiyo. Ikiwa maji yake hunywewa, lifunike kwa kifuniko kisichoacha upenyo, na pale kifuniko kisipokaa sawa funga kitambaa cha neti kwa kamba.

Ili kujua hali ya maji, yamulike kwa tochi kisha piga ukingo kwa kiganja. Viluwiluwi waliokuwa wakining'inia juu, vichwa chini na mikia ikigusa hewa, watajikunja na kuzama kwa pamoja. Subiri kidogo, nao watapanda tena kuvuta pumzi. Ukiwaona, usitosheke na kumwaga maji. Mbu wa mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kwa hivyo baada ya kumwaga ni lazima usugue kuta za birika, pipa na mtungi kwa burashi ngumu, hasa pale alama ya maji inapoishia. Fanya hivyo kila wiki, kwa kuwa katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Tuna sababu ya kutolipuuza jambo hili. Mwaka 2004 Lamu ilipatwa na mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu huyo wa mchana, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa takribani watu 75 kwa kila 100 walikuwa wameambukizwa. Mlipuko huo haukuja na mafuriko, bali ulikuja wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani katika vyombo visivyofunikwa. Chandarua ni cha lazima kwa ajili ya mbu wa usiku anayeleta malaria, lakini mbu wa chikungunya huuma mchana, na neti iliyofungwa juu ya kitanda haimzuii kumwuma mtoto anayecheza barazani asubuhi. Moshi wa udi na ubani hupunguza mbu chumbani kwa muda, ila mayai ya birikani yanabaki yalivyo.

Baada ya maji, tazama juu. Boriti za mikoko ni ngumu, lakini vichwa vyake vimezikwa ndani ya ukuta, na hapo ndipo unyevu hukaa. Gonga kila boriti kwa kipini cha kisu, ukianzia karibu na ukuta: iliyo nzima hutoa mlio mkavu na mzito, iliyoliwa hulia kama debe tupu. Nyumbani kwetu kulikuwa na boriti iliyopakwa rangi vizuri, haina dosari kwa macho. Nilipoichoma kwa msumari wa inchi nne, msumari ulizama wote kwa nguvu ya kidole gumba tu. Chanzo kilikuwa ukuta wa nje, ambao fundi alikuwa ameupiga lipu ya saruji. Mawe yetu ya matumbawe hunyonya maji, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke, ilhali saruji huyafungia ndani, na boriti ikilowa mchwa huifuata. Tafadhali, ukikarabati ukuta wa zamani, tumia chokaa.

Tofautisha pia mharibifu. Mchwa huacha njia za udongo ukutani, na dawa yake ya kwanza ni kuzibomoa na kuondoa unyevu unaowaleta. Fukusi huacha matundu madogo na unga mwepesi sakafuni. Kwa fukusi, kwangua rangi yote kwanza, kwa sababu dawa haipenyi rangi, kisha paka maji ya boraksi mara mbili, ukivaa glavu na kuwaweka watoto mbali. Kumbikumbi wanaoruka mvua za kwanza nao wana la kukwambia: wakija kutoka nje kufuata taa, zima taa; lakini wakichomoza kutoka ukutani, kichuguu kimo ndani ya nyumba na umwite fundi anayeijua kazi hiyo.

Mende hupanda kutoka kwenye shimo la choo mvua inapolijaza. Funika tundu la maji machafu na mdomo wa bomba la hewa kwa wavu, na wavu huo utawazuia pia mbu wanaozaliana shimoni. Nyuma ya kabati weka unga kidogo wa asidi ya boriki uliochanganywa na sukari, mahali ambapo mtoto hafiki.

Kuhusu panya, naomba sumu isitumike. Paka wa Lamu ndio wanaowapunguza panya mjini kwetu, na paka akimla panya aliyekula sumu naye huweza kufa. Tumia mitego, na ziba matundu kwa chokaa na vipande vya chupa; panya mdogo hupita penye upana wa kalamu ya risasi.

Kinyesi cha punda kizolewe kila siku, kwani nzi naye hukomaa ndani ya wiki moja hivi. Wanaosimamisha miguu ya kabati katika makopo ya maji kuzuia sisimizi watie mafuta ya taa kidogo, la sivyo makopo yenyewe yatazaa mbu.

Vuli inapoingia Oktoba, rudia kazi ya birika na vyombo vyote vya maji. Boriti huweza kungoja kaskazi.