Ukishauri kuhusu usafi, taja na kisichochanganywa

Jamani, kabla hujawaandikia wenzako kwenye kundi "changanya hiki na kile, choo kitang'aa", tafadhali geuza chupa usome yale maandishi madogo ya nyuma. Dawa ya kuondoa madoa yenye klorini ikikutana na siki, maji ya limau au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Macho yanawasha, kifua kinabana, kikohozi hakikatiki. Bafu dogo lililofungwa dirisha ndilo baya zaidi. Dawa hiyo ya klorini ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoka gesi nyingine yenye sumu.

Mimi siku hizi naandika hivi: "Tumia dawa moja tu, fungua dirisha, suuza kwa maji mengi." Vipimo navinakili kutoka kwenye chupa, kwa sababu "kiasi" cha mtu mmoja ni kikombe kizima kwa mwingine.

Na kama umeshatuma ushauri wenye kasoro, usiufute kimyakimya. Rudi useme ulikosea, maana kuna aliyekwisha kuunakili akampelekea mama yake.