Kurekebisha urefu wa kiti cha baiskeli bila kuumiza goti wala fremu

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kibandani kwangu ni la watu kushusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, wakiamini kuwa huo ndio usalama, ilhali kiti cha chini namna hiyo hulikunja goti kupita kiasi katika kila mzunguko na kuleta maumivu ya mbele ya goti. Kipimo hutoka kwenye pedali, si ardhini.

Egemeza baiskeli ukutani, vaa viatu unavyoendeshea kila siku, panda na ukae sawasawa. Zungusha pedali kinyumenyume mpaka moja ifike chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande huo. Ukirudisha wayo mahali unapokanyagia kwa kawaida, yaani sehemu pana nyuma ya vidole, goti litakunjika kidogo tu. Mguu usiponyooka kwa kisigino, pandisha kiti. Kisigino kisipofika, shusha kiti.

Kabla ya kulegeza chochote, zungushia utepe bomba la kiti pale linapoingia kwenye fremu, ili ukikosea ujue pa kurudia. Baiskeli nyingi za mizigo hufunguliwa kwa spana namba 13 au 14, nyingine kwa alenki, yaani ufunguo wa pembe sita. Legeza nati ya kibano cha fremu, kile kinachobana bomba la kiti, peke yake. Bomba likigoma, usilipige nyundo. Tia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha vuta huku ukigeuza kiti kushoto na kulia. Bomba la chuma lifute kutu na ulipake grisi kidogo.

Hapa naomba usiwe na haraka. Mabomba mengi yana alama iliyochongwa ya mwisho wa kupandisha, nayo haipaswi kuonekana nje ya fremu. Isipokuwepo, acha angalau sentimita 10 ndani. Mchuuzi mmoja wa maziwa aliniletea baiskeli inayolia mlio wa kukwaruza; nilipochomoa bomba, lilikuwa limeingia kwa upana wa vidole vitatu tu, na nyuma ya kibano rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshaanza kuachia. Anayehitaji urefu zaidi anunue bomba refu la kipenyo kilekile, kwa kuwa la milimita 25.4 halishiki kwenye fremu ya 27.2, hata ukijaza pengo kwa vipande vya kopo.

Elekeza pua ya kiti mbele, sambamba na fremu, kaza, kisha shika kiti kwa mikono miwili ujaribu kukizungusha. Kikicheza, bado. Endesha mwendo mfupi mahali pasipo na magari: nyonga zikiyumba, au ukisikia maumivu nyuma ya goti, shusha milimita 5 ujaribu tena. Anayejifunza kuendesha ashushiwe kiti kwa muda hadi aguse chini kwa vidole. Kesho yake angalia kama bomba limezama, na ukaze nati tena.