Umeoa au umeolewa na mtu wa nchi nyingine? Anzeni na kibali kabla hamjagombania mila

Huku Mbeya ndoa za mpakani tumezizoea, dada wa Kyela kaolewa Karonga, Malawi, kaka wa Tunduma kaoa Nakonde, Zambia, na siku hizi wapo waliofuata wenza wao mpaka Uingereza. Wakianza kugombana ndugu wanasema "si tulisema, mila haziendani". Mi naona mara nyingi chanzo ni kibali cha kuishi nchini, kinamfanya mmoja aishi kwa jina la mwenzake.

Kaeni chini mjue nani anamtegemea nani. Mkeo mgeni akikaa hapa kama mtegemezi wako hiyo sio ruhusa ya kazi, kazi ina kibali chake, kwa hiyo usikubali mama yako amwite mvivu wakati sheria ndo imemfunga mikono. Ardhi nayo, sheria ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki, labda kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha Uyole kitaandikwa jina lako hata kama hela katoa yeye. Andikishaneni basi nani katoa nini, na risiti mtunze. Mjue pia kwamba tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kama mchango kwenye mali ya ndoa.

Uraia msikimbilie. Mke wa Mtanzania anaweza kuomba, mume mgeni hana njia hiyo ya kupitia ndoa, alafu mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, yani anaachia pasipoti ya kwao. Hilo aamue mwenyewe, sio kikao cha ukoo.

Anayeenda Uingereza ajue kuanzia Aprili 2024 wanaoomba visa ya mwenza kwa mara ya kwanza wanatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na ukaazi wa kudumu ni baada ya miaka 5 hivi. Hapo katikati mwenza anaweza kukutishia "nitakurudisha kwenu". Ukipigwa au kunyanyaswa usinyamaze kwa kuogopa visa, sheria yao ina njia ya aliyenyanyaswa kuomba kubaki kwa jina lake.

Sasa mila. Mfundishe mgeni wako kabla hajafika nyumbani, mfano kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana anamkwepa baba mkwe, hamsogelei, sasa mgeni wa watu anashuka Tukuyu anamkumbatia mzee mbele ya watu, nani wa kulaumiwa kama sio wewe uliyekaa kimya? Na wazee nao waambie mapema yeye kwao kukumbatia ndo heshima.

Hela ya misiba na ada za wadogo zako pangeni kiwango cha mwezi, kitamkwe wazi, maana mwenza aliyelelewa kwingine anaweza kuona unaibiwa, wewe unaona unalea.

Na kila mtu ashike pasipoti yake mwenyewe, pamoja na kopi ya cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, hata kama mnapendana sana.